Niliuliza Ruhusa Vitanda Vikiwa Vimeshafungwa

Swali nililoulizwa kwenye dirisha la ofisi ya mji, siku niliyokwenda kuomba ruhusa ya kulaza wageni nyumbani kwangu, lilikuwa fupi: "Jengo limeandikishwa kwa matumizi gani?" Nilikuwa nimebeba bahasha yenye hati ya nyumba, nakala ya kitambulisho na picha za vyumba. Vitanda vilikuwa vimeshafungwa, mapazia yameshaning'inizwa, mashuka mapya yamekunjwa kabatini. Nikamjibu afisa yule kwamba nyumba ni yangu, nikamsogezea hati. Aliisoma, akanirudishia taratibu, akasema, "Dada, sijauliza ni ya nani. Nimeuliza ni ya nini."

Miaka sita imepita na sijapata maneno bora kuliko hayo ya kumwambia mtu anayetaka kuanza kupangisha nyumba kwa siku chache chache. Umiliki unakupa haki ya kuuza, kurithisha, kuweka rehani. Matumizi ni habari nyingine kabisa: yanaeleza ndani ya kuta zile kunaruhusiwa kufanyika nini, makazi, duka, karakana, ofisi au malazi ya wageni. Familia inayopanga kwako mwaka mzima inakaa. Mtu anayelipia siku tatu kisha akaondoka na sanduku lake hakai, analala tu. Na nyumba inayolaza watu wa namna hiyo mwezi hadi mwezi, sheria za mipango miji za sehemu nyingi huitazama kama zinavyoitazama hoteli.

Wakati ule niliona ni uonevu. Nilijiambia mwenye mali anabanwa ili wenye hoteli wasipate ushindani. Baadaye, nilipoanza kusoma miji mingine inavyofanya, nikaelewa kwamba kinachoumiza vichwa vya wenye mamlaka ni makazi. Kila fleti inayogeuzwa ya wageni ni fleti moja pungufu kwa mwalimu au muuguzi anayetafuta pa kuishi. Ndiyo maana sheria nyingi hazikatazi moja kwa moja, zinahesabu usiku. London, tangu sheria ya mwaka 2015, mtu anaweza kupangisha nyumba yake nzima kwa wageni wa muda mfupi hadi usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji. Akizidisha, anatakiwa kukiomba. Amsterdam ilishusha hadi usiku 30. Japani, sheria iliyoanza kutumika Juni 2018 inaruhusu siku 180 kwa mwaka, na kabla haijaanza Airbnb, jukwaa la mtandaoni la kutangazia malazi, iliondoa maelfu ya matangazo ya nyumba zisizosajiliwa. New York ni kali zaidi: tangu Septemba 2023 mwenyeji lazima ajisajili kwa jiji, na kwa mgeni anayekaa chini ya siku 30 mwenyeji mwenyewe sharti awepo nyumbani na wageni wanaolipa wasizidi wawili. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni zake zaidi ya 10,000 za fleti za watalii hazitahuishwa, zote zife ifikapo Novemba 2028.

Ukizitazama tofauti hizo utaona zinarudi kwenye mambo matatu: je, hapo ndipo unapoishi wewe mwenyewe, au ni nyumba ya pili? Unatoa nyumba nzima, au chumba ukiwa umo? Na ni usiku ngapi kwa mwaka? Paris ni mfano mzuri. Anayepangisha nyumba anayoishi amewekewa kikomo, kilichokuwa usiku 120 na sasa tangu 2025 ni 90. Lakini anayepangisha nyumba ya pili anahitaji kwanza kibali cha kubadili matumizi, na kukipata ni kazi nzito. Jengo moja, mlango mmoja, watu wawili, sheria mbili. Mimi nilianza kwa kufuata orodha ya mtu aliyefanya biashara hii katika mji mwingine. Orodha yake ilikuwa sahihi, ila ilikuwa ya kwao.

Kwa bahati, mji wetu uliruhusu malazi ya muda mfupi kwenye majengo ya makazi kwa masharti ya kujisajili. Nikajaza fomu, nikalipa ada, nikapewa namba. Niliitundika ile karatasi ukutani nikaamini safari imeisha.

Fleti ile ilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye jengo lenye wamiliki wengi. Chini yangu aliishi mama mmoja mtu mzima na mumewe ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika. Wiki ya kwanza ya wageni, nilikutana naye ngazini, nikamwamkia. Akaniitikia, kisha akaniuliza kama wale vijana wa jana usiku ni ndugu zangu. Nikasema ni wageni. Akatikisa kichwa, hakuongeza neno. Nilimhesabu kuwa mama mkali asiyependa watu, na hesabu hiyo imenisumbua kuliko hasara yote niliyopata.

Wiki ya tatu bomba la mashine ya kufulia likapasuka mchana, mgeni akiwa ametoka matembezini. Maji yalishuka mpaka dari ya yule mama. Nikampigia mtu wa bima nikiwa na utulivu wa mtu anayelipia bima yake kila mwaka. Aliuliza swali moja: "Nani alikuwa anaishi humo siku hiyo?" Nikamweleza kweli yote, kwamba ni mgeni wa siku nne anayelipa. Barua ya kukataa ilikuja baada ya siku kumi, imenukuu kifungu cha mkataba wangu mwenyewe: bima ilikuwa ya makazi, na hasara inayotokana na shughuli ya biashara haimo. Nikakimbilia kinga ya jukwaa la mtandaoni. Airbnb, kwa mfano, huwawekea wenyeji kinga ya dhima, yaani ya madai ya mtu aliyeumia au kuharibiwa mali, ya hadi dola 1,000,000 za Marekani, lakini kinga za namna hiyo hufuata malazi yaliyowekwa kupitia jukwaa lenyewe. Mgeni yule alikuwa rafiki wa mgeni aliyetangulia. Alinipigia simu moja kwa moja na kunilipa mkononi. Hapakuwa na jukwaa lolote kati yetu. Dari ya jirani niliitengeneza kwa akiba yangu.

Kwa hiyo nasema hili kwa msisitizo kuliko jambo jingine lolote humu: mpigie mtu wa bima kabla mgeni wa kwanza hajaingia, mwambie kwa maandishi unataka kufanya nini, na uombe jibu kwa maandishi. Uliza kuhusu mali yako, kuhusu dhima kwa mgeni anayeumia ndani, kuhusu dhima kwa jirani, na kuhusu kipato unachopoteza nyumba ikifungwa kwa matengenezo. Hayo ni mambo manne tofauti, na bima moja inaweza kuwa na mawili tu.

Maji yale ndiyo yaliyoifikisha habari yangu kwenye kamati ya wamiliki wa jengo. Barua yao ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kanuni za jengo, kifungu kilichotajwa kwa namba, zilikataza kupangisha fleti kwa muda unaopungua miezi sita. Kanuni hizo zilikuwa zimeambatanishwa na mkataba nilionunulia, na saini yangu ilikuwa chini ya kila ukurasa. Nilisaini siku moja karatasi nyingi sana, na hizo sikuzisoma. Nilikwenda kwenye kikao nikiwa na cheti changu cha usajili wa mji, nikidhani kitawanyamazisha. Mwenyekiti alikitazama akasema mji umeniruhusu kwa upande wake, na wao hawajaniruhusu kwa upande wao. Alikuwa sahihi. Kibali cha mamlaka hakifuti mkataba uliouingia na majirani zako. Kuna nchi zimeliweka jambo hilo wazi ndani ya sheria yenyewe: Hispania, tangu tarehe 3 Aprili 2025, anayetaka kuanza kulaza watalii kwenye jengo la wamiliki wengi anahitaji kwanza idhini ya tatu ya tano ya wamiliki.

Mpangaji naye, anayetaka kupangisha tena nyumba ya mtu mwingine, ana ukuta huo huo mbele yake. Bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba anaweza kupoteza upangaji wake wote. Idhini ya mdomo, "hamna shida", haisaidii siku mwenye nyumba akibadili nia.

Nilifuta oda tatu, nikarudisha pesa za watu, nikauza vitanda viwili. Kisha nikashuka ghorofa moja kwenda kumwona yule mama. Alinikaribisha ndani. Alinionyesha kitufe cha kengele ya mlango wake, akaniambia wageni wangu walikuwa wakikibonyeza saa nane za usiku wakiuliza namba ya kufungulia mlango wa chini, na mumewe alikuwa akiamka kwa mshtuko kila mara. "Mwanangu," akasema, "wageni wako sikuwachukia. Nilikuwa silali kwa kutojua nani yuko ngazini." Nilikuwa nimesoma makala chungu nzima kuhusu rangi za kuta na namna ya kupiga picha za vyumba. Hapakuwa na hata moja iliyoniambia nianze kwa kubisha mlango huu.

Wakili niliyemtafuta baada ya hapo alinisomea pia mkataba wa mkopo wangu wa benki. Ulisema nyumba ni kwa makazi ya mkopaji mwenyewe. Benki ikigundua vinginevyo ilikuwa na haki ya kudai deni lote kwa mkupuo. Nilifunga ukurasa huo nikashukuru kwamba walioniandikia barua kwanza ni majirani.

Mwaka uliofuata nilianza upya, kwenye nyumba aliyotuachia mama yetu. Ni nyumba ya chini, imejitenga, haina wamiliki wengine ukutani. Niliona vizuizi vyote vimeondoka. Nikapiga picha. Kaka yangu mkubwa akaziona kwenye tangazo kabla sijamwambia, na cha kwanza alichokitambua ni chumba cha mama kikiwa na shuka la rangi asiyoijua. Alinipigia simu usiku ule. Hakupaza sauti. Aliuliza ni nani aliyeniruhusu.

Swali lile lile la dirishani, limekuja kwa mlango mwingine. Hati ya nyumba ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Sisi watoto wanne tulikuwa warithi, lakini mirathi haikuwa imefunguliwa. Mimi nilikuwa na funguo tu kwa sababu ndiye niliyemuuguza. Mwenye funguo si mwenye mamlaka. Mtu hawezi kuombea leseni, kukatia bima wala kuwekea mkataba mali ambayo kisheria bado iko mikononi mwa aliyefariki, mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa. Na hata baada ya hapo, mali ya watu wanne inataka ridhaa ya watu wanne. Tulitumia miezi kadhaa kulimaliza hilo, na katika miezi hiyo sikulaza mgeni hata mmoja.

Makubaliano tuliyoandika yalikuwa ya kurasa tatu, na ninayathamini kuliko leseni. Yalisema nani anasimamia na analipwa nini kwa kazi hiyo. Matengenezo yanatoka fungu gani. Mmoja akitaka kujitoa anajitoa vipi. Na kwamba vyumba viwili vya mbele ni vya familia kwa majuma fulani kila mwaka. Wakili alitushauri pia tusifanye biashara kwa mdomo. Katika nchi nyingi zenye sheria za asili ya Uingereza, watu wanaoendesha biashara pamoja na kugawana faida wanaweza kuhesabiwa kuwa wabia hata kama hawajaandika neno, na kila mmoja akabebeshwa madeni ya ubia. Tukasajili kampuni ndogo, ili mgeni akianguka na kutushtaki, madai yaishie kwenye kampuni yasije yakagusa nyumba anayoishi dada yangu. Si kila mtu anahitaji kampuni. Mwenye chumba kimoja na bima nzuri anaweza kuendelea kwa jina lake. Sisi wanne tuliihitaji.

Safari hii nilienda dirishani kwanza. Sikuwa na picha za vitanda. Nilikuwa na hati, makubaliano ya familia na ramani ya nyumba, na swali la matumizi nililiuliza mimi kabla sijaulizwa. Usajili ulifuata, kisha leseni ya biashara, ambayo ni kitu kingine na hutolewa na ofisi nyingine. Namba ya usajili inatakiwa ionekane kwenye tangazo. Italia inataka namba hiyo iwe kwenye tangazo na nje ya jengo pia, na Umoja wa Ulaya una kanuni iliyopitishwa 2024, ya kuanza kutumika tarehe 20 Mei 2026, inayowabana wenye majukwaa wenyewe kuhakikisha namba zinaonyeshwa. Zamani mtu aliweza kujificha kati ya maelfu ya matangazo. Siku hizo zinapita.

Kuhusu kodi nitakuwa mfupi. Lugha yetu inatumia neno moja kwa pesa anayolipa mpangaji na pesa inayodaiwa na serikali, na mimi nilichanganya vyote viwili kwenye akaunti moja ya benki. Kuna kodi ya mapato, inayotozwa kwenye kile unachobaki nacho. Kuna kodi ya malazi, ambayo anailipa mgeni, wewe unaikusanya na kuipeleka. Ile haijawahi kuwa yako hata dakika moja. Na mapato yakivuka kiwango fulani kuna kodi ya ongezeko la thamani. Mahali pengine jukwaa huikusanya kodi ya malazi na kuiwasilisha kwa niaba yako, pengine haligusi kabisa, na pengine huikusanya ya mkoa likaacha ya mji. Uliza ofisi ya kodi, usiulize jukwaa. Fungua akaunti ya pekee siku ya kwanza, na weka kila risiti. Katika Umoja wa Ulaya majukwaa yamekuwa yakiripoti mapato ya wenyeji kwa mamlaka za kodi tangu 2023, kwa hiyo utakachoandika kwenye fomu kitalinganishwa na walichokwisha kukiandika wao.

Mtu aliyenifundisha zaidi alikuwa mkaguzi wa usalama wa moto. Nilitarajia aje na orodha, aweke alama, aondoke. Yeye aliingia chumba cha nyuma, akanitaka nifunge pazia na kuzima taa, akajilaza juu ya kitanda na viatu vyake vikining'inia nje. "Sasa mimi ni mgeni," akasema gizani. "Nimefika saa tano usiku. Sijui swichi iko wapi. Moshi unaingia chini ya mlango. Nitoke vipi?" Nikamwambia atumie dirisha. Dirisha lilikuwa na nondo zenye kufuli, na ufunguo ulikuwa umetundikwa jikoni, ambako ndiko moto huanzia mara nyingi.

Mama yetu alilala nyuma ya nondo zile miaka mingi kwa amani, kwa sababu aliijua nyumba yake hata akiwa amefumba macho. Mgeni haijui. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sheria inamdai mwenye malazi zaidi ya inavyomdai mwenye makazi. Tulibadilisha nondo tukaweka zinazofunguka kwa ndani bila ufunguo. Tukaweka ving'ora vya moshi ndani ya kila chumba cha kulala na kwenye ujia, vizimamoto viwili, taa ya dharura, na mkono wa kushikia kwenye ngazi tatu za nyuma ambazo sisi wenyewe hatukuwahi kuziona kuwa hatari. Hita ya maji ya gesi iliyokuwa bafuni alikataa hata kuijadili. Gesi ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kujua. Ikahamishiwa nje, na ndani kikawekwa king'ora chake, kwa kuwa kile cha moshi hakiwezi kuihisi.

Kabla hajaondoka aliuliza kitu ambacho sijakikuta kwenye fomu yoyote: mgeni akipiga simu ya dharura, atasema yuko wapi? Mtu aliyefika kwa kufuata ramani ya simu mara nyingi hajui hata jina la mtaa. Siku hiyo hiyo niliandika anwani kamili, namba za dharura na namba yangu, nikabandika nyuma ya mlango wa kila chumba.

Baada ya hapo yalikuja ya mkataba na wageni wenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria nayo ina siku yake ya kumgeuza mgeni kuwa mtu mwingine. New York, kwa mfano, aliyekaa kihalali siku 30 mfululizo hatolewi ila kwa amri ya mahakama. Sikuwa nalijua hilo nilipompokea bwana mmoja mstaarabu kwa majuma mawili, akaongeza moja, akaongeza jingine, analipa kwa wakati, ananiita dada. Tulipovuka mwezi akaacha kulipa na akaacha kujibu. Nilitaka kubadili kitasa na kukata umeme. Wakili alinizuia kwa ukali, akasema nikifanya hivyo mkosaji nitakuwa mimi, maana katika sheria za nchi nyingi kumtoa mpangaji kwa nguvu bila mahakama ni kosa, na hapo kwetu bwana yule alikuwa tayari ana hoja ya kudai ni mpangaji. Alitoka baada ya majuma saba, kwa barua rasmi na subira. Tangu hapo kila mgeni anasaini ukurasa mmoja unaosema yeye ni mgeni wa malazi, ameingia lini, anatoka lini na saa ngapi, wangapi wanaruhusiwa, na hapana nyongeza inayofikisha ukaaji kwenye kikomo cha sheria ya hapa.

Kanuni za nyumba pia zina mipaka yake. Niliwahi kuandika "hakuna wanyama" nikamkatalia mgeni asiyeona kwa sababu ya mbwa wake. Alinijibu kwa ujumbe wa heshima, akaeleza kwamba mbwa wa kumwongoza si mnyama wa kufugwa mbele ya sheria, na kwamba nilichofanya ni ubaguzi. Niliuliza, nikakuta ni hivyo katika nchi nyingi. Nilimwomba radhi. Hakuja, na sikustahili aje.

Daftari la wageni nalo ni takwa la sheria sehemu nyingi. Mkataba wa Schengen, wa nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa mfano, unataka wageni wa kigeni wajaze na kusaini fomu ya usajili mahali wanapolala. Lakini kukusanya si sawa na kulimbikiza. Nilikuwa nimepiga picha pasipoti za watu wengi kwa simu yangu, na simu ile ikaibiwa. Ilinibidi nimwandikie kila mmoja wao. Sasa naandika kinachotakiwa tu, kinakaa kabatini kwa ufunguo, na muda wa kukihifadhi ukiisha kinaharibiwa. Kamera ninayo moja, iko nje ikitazama lango, na imetajwa kwenye tangazo. Ndani hakuna. Airbnb yenyewe ilipiga marufuku kamera zote za ndani kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata zile zilizotangazwa, na kwa maoni yangu walichelewa.

Ukutani kwa kila jirani wa nyumba ya mama kuna karatasi yenye namba yangu ya simu. Niliwapelekea mwenyewe, mlango kwa mlango, kabla ya mgeni wa kwanza. Imepigwa mara mbili tu kwa miaka minne, mara moja ni mgeni aliyeegesha gari vibaya, mara ya pili ni mzee wa nyumba ya pili aliyeona mlango wa nyuma umeachwa wazi.

Nahesabu usiku kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu. Mwaka jana kikomo chetu kilifika kabla ya mwaka kwisha, nikafunga tangazo, na kaka akaja na wanawe wakalala vyumba vya mbele kwa majuma yote yaliyobaki. Nilikuwa nimeuliza ofisini mapema kama ndugu wasiolipa nao wanahesabiwa. Afisa alikuwa yule yule wa siku ile ya kwanza. Akasema hawahesabiwi.